Tuanze na Sauti, Si na Magurudumu



Sisi mafrateri wa falsafa tuna mchezo wetu wakati wa maburudisho. Mmoja anachagua muziki ambao wenzake hawajausikia, kisha anawaeleza kwa maneno matupu, bila simu wala redio. Wenzake wanamhoji. Mwishoni muziki wenyewe unapigwa, na wote wanaamua kama maneno yake yalikuwa ya kweli. Ni mchezo tu, lakini unatufundisha, maana sehemu kubwa ya utume tunaoandaliwa ni kuwaambia watu mambo ambayo hawajayaona wala kuyasikia.

Kundi lililotupa mjadala mrefu kuliko mengine yote ni Staff Benda Bilili la Kinshasa, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Tumeona vema tuwashirikishe wasomaji wetu mjadala huo.

Ukiuliza habari za kundi hili, karibu kila mtu ataanza hivi. Waanzilishi wake, akina Ricky Likabu na Coco Ngambali, walipata polio utotoni, na hutembelea baiskeli za magurudumu matatu zilizoundwa upya kwa namna yao. Walikuwa maskini wa mtaani, na mazoezi yao waliyafanyia kwenye bustani ya wanyama ya jijini. Wafaransa wawili, Renaud Barret na Florent de La Tullaye, wakawafuata na kamera kwa miaka kadhaa. Albamu yao ya kwanza, Très Très Fort, ikatoka mwaka 2009, na filamu juu yao ikaonyeshwa Cannes mwaka 2010.

Yote hayo ni kweli. Lakini aliyeyasikia yote bado hajui lolote kuhusu muziki wao. Amepewa picha: ameona magurudumu, ameona umaskini, pengine machozi yamemlengalenga. Sikio lake halijapata kitu.

Aristotle, katika kitabu chake juu ya roho, anafundisha kwamba kila mlango wa fahamu una kitu chake maalumu: rangi ni ya macho, sauti ni ya masikio. Darasani fundisho hilo linaonekana la wazi mno, kiasi cha mtu kujiuliza kwa nini mzee huyo alihangaika kuliandika. Kundi la Benda Bilili linaonyesha kwa nini. Macho ni wepesi wa kudakia kazi isiyo yao, na yakishaidakia, masikio hulala.

Basi tuanze na sauti.

Shika kwanza unachokijua. Msomaji aliyekulia Tanzania anaifahamu rumba ya Kongo hata kama hajui neno la Kilingala. Bendi ya Maquis ilitoka huko ikaweka makao Dar es Salaam, na Remmy Ongala alizaliwa huko huko. Gitaa za Benda Bilili zimeota katika udongo huo. Juu yake wameweka mdundo mkavu na mzito unaokumbusha muziki wa Wamarekani weusi wa wakati wa James Brown. Waimbaji ni wanaume kadhaa. Mmoja anaongoza na wengine wanamjibu, kama tena na besi za kwaya zetu, ila hawa hawakulainishwa na mwalimu. Ni sauti za watu wazima waliozoea kuimba nje, penye kelele za mji, kwa hiyo wanaisukuma kutoka kifuani. Hata albamu yenyewe, chini ya mtayarishaji Vincent Kenis, kwa sehemu kubwa ilirekodiwa nje, katika bustani ile ile ya wanyama. Ukisikiliza unahisi hewa, si kuta.

Mpaka hapo maelezo ni rahisi. Kazi inaanza pale anapoingia Roger Landu, aliyejiunga nao akiwa kijana mdogo wa mtaani, na ala aliyoiunda mwenyewe, inayoitwa satongé. Ni kopo tupu la bati, kijiti kilichopindwa kama upinde, na waya mmoja wa gitaa. Mkono mmoja unadonoa waya, mwingine unakunja na kuachia kijiti ili sauti ipande au ishuke. Kisha mlio wake unapitishwa kwenye spika.

Inaliaje? Mwenzetu mmoja kutoka Dodoma alisema, “Hiyo ni zeze.” Mwingine akakataa: zeze husuguliwa kwa uta, na sauti yake ina mkwaruzo, hii hudonolewa, na sauti yake inateleza. Wa tatu akasema ni gitaa la umeme. Tukamjibu kwamba gitaa lina ngazi shingoni, na vidole hukanyaga ngazi hizo. Hapa hakuna ngazi. Tulichokubaliana hatimaye ni hiki. Kumbuka redio ya zamani, mtu anapozungusha kitufe akitafuta stesheni ya masafa mafupi: ule mlio mwembamba unaopanda na kushuka kati ya stesheni na stesheni. Sasa fikiri kwamba mlio huo unaujua wimbo. Unapita juu ya sauti za wazee, unatetemeka, unakimbia mbele yao kama mtoto njiani, halafu unarudi mahali pake.

Mfano mzuri, basi, hutembea kwa miguu miwili: mmoja husema “inafanana na”, mwingine husema “lakini siyo”. Mguu mmoja ukikosekana, msikilizaji hafiki.

Sasa turudi kwenye magurudumu. Hatusemi yafichwe. Wenyewe hawayafichi, wana hata wimbo uitwao “Polio”, unaowahimiza wazazi kuwapeleka watoto wao kupata chanjo. Lakini angalieni msimamo wao katika wimbo huo. Hawaombi sadaka. Wanashauri, kama wazee wenye haki ya kushauri. Na jina lenyewe la Benda Bilili hufasiriwa kwamba mtu atazame ng'ambo ya yale yanayoonekana.

Jambo hili haliishii Kinshasa. Katika kigango kimoja tunachofanyia utume yupo mpiga kinanda anayetembea kwa magongo. Kila wageni wanapofika hutambulishwa kwa maneno yale yale: “Mwoneni mwenzetu huyu, pamoja na hali yake.” Waamini hupiga makofi. Siku moja tulikaa naye baada ya Misa, akatuambia kwa upole, “Mafrateri, napiga hapa mwaka wa saba. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nimekosea.” Akacheka kidogo, akaongeza, “Mwenye magongo hakosei.”

Maneno hayo yametukaa. Makofi yale yalikuwa ya upendo, hatuna shaka, lakini yalikuwa ya macho. Kwa miaka saba mtu anapiga muziki mbele ya umati, na anahisi hajasikilizwa. Tulimwambia kwamba wimbo wa komunyo huwa anaupeleka mbio kidogo. Alifurahi kama aliyepewa zawadi, tukazungumza juu ya kinanda mpaka tukachelewa chakula.

Yesu alipokutana na yule kipofu wa Yeriko, shida yake ilikuwa wazi kwa kila mtu barabarani. Hata hivyo alimuuliza kwanza anataka nini, kisha akasubiri jibu. Huruma yake ilianza kwa kusikiliza.

Wapendwa, tunapowatambulisha watu parokiani, katika jumuiya zetu ndogondogo na hata nyumbani, tuangalie tunaanza na nini. Aliye mwimbaji atambulishwe kwa wimbo wake, aliye fundi kwa kazi yake. Mengine yatafuata kwa wakati wake, na yatasikika vizuri zaidi. Na mkipata nafasi, sikilizeni Benda Bilili. Mara ya kwanza, sikilizeni mkiwa mmefumba macho.