Baraka na Kuchechemea

Sisi watu wa usharikani tunajua kumwombea mgonjwa anayekwenda kupasuliwa. Tunajua pia kumshangilia anaporudi. Tusilolijua vizuri ni kuishi na mtu aliyerudi, mshono umefunga, nguvu zimeanza kurejea, lakini maumivu yamekataa kuondoka. Nyumbani kwetu hapa Bariadi tumekuwa katika darasa hilo kwa zaidi ya mwaka sasa.

Aliyepasuliwa mgongo ni mama wa nyumba yetu. Diski moja kati ya pingili za kiunoni ilikuwa imetoka mahali pake ikabana mshipa wa fahamu unaoteremka mguuni. Kwa miezi mingi alilala ubavu mmoja tu, na mguu wa kushoto ulikuwa ukiwaka moto kutoka kiunoni hadi unyayoni. Tulikwenda Mwanza, madaktari wakaondoa kile kipande. Alipozinduka alichezesha vidole vya mguu, nasi tukalia kwa furaha.

Wiki chache baada ya kurudi nyumbani, ule moto ulirudi. Haukuwa na ukali wa kwanza, ila ulikuwa na ukaidi. Ulimwamsha saa nane usiku. Ulimkamata akiinama kuchukua sufuria, au akikaa ibada nzima kwenye benchi lisilo na egemeo. Msimu wa pamba ulipofika, yeye aliyezoea kuchuma kutwa na wenzake alikaa kivulini akiwatazama. Hilo lilimuuma kuliko mguu.

Tuliporudi kliniki, daktari alitueleza kwamba kuondoa kinachobana si sawa na kuponya kilichobanwa. Mshipa wa fahamu ulioumia sana huota upya polepole, kwa makadirio ya milimita moja kwa siku, na kutoka kiunoni hadi unyayoni kwa mtu mzima ni karibu mita moja. Tulipiga hesabu pale pale kwenye benchi la kusubiria, tukanyamaza. Alisema pia kwamba misuli iliyokaa bila kazi hulegea, na kwamba mwili uliozoea kuumia huweza kuendelea kupiga kengele hata hatari ikiwa imepita. Kwa hiyo maumivu yanayobaki si lazima yawe dalili ya upasuaji kuharibika. Lakini alituonya: mguu ukiishiwa nguvu ghafla, sehemu za siri zikifa ganzi, au mkojo ukiziba au kutoka wenyewe, tukimbilie hospitali saa hiyo hiyo.

Wapendwa wetu walikuwa na maelezo mengine. Mmoja aliuliza kwa sauti ya chini, "Mama Mchungaji, hakuna mtu hamjamsamehe?" Mwingine alileta habari za mkutano wa maombi ambako wagonjwa huambiwa watupe dawa zao. Jirani mmoja, kwa upole kabisa, alitutajia mganga upande wa Itilima. Hakuna aliyekuja kwa ubaya. Hata hivyo kila mmoja alituachia mzigo ule ule, kwamba maumivu yakibaki, basi mahali fulani imani imepungua.

Kisha wazee wa kanisa wakauliza, kama ilivyo desturi, lini tutatoa sadaka ya shukrani. Usiku ule mama alisema, "Baba, nitasimama niseme nini? Nikisema nimepona, nimedanganya mbele ya madhabahu. Nikisema naumwa, watu wataona maombi yao yamekwenda bure."

Hatukuwa na jibu la haraka. Tulifungua kitabu cha Mwanzo sura ya 32, pale Yakobo aliposhindana hadi alfajiri. Tumeihubiri sura hiyo mara nyingi tukikazia baraka na jina jipya. Safari hii tuliona kilichofuata: jua lilipomzukia, mtu aliyebarikiwa alikuwa akichechemea. Hakuambiwa arudie maombi hadi nyonga ikae sawa. Na Biblia inaongeza kwamba Waisraeli hawali mshipa ule wa paja. Walimu wa Kiyahudi tangu zamani wameuelewa kuwa ni mshipa mkubwa unaopita nyongani kwenda mguuni, ndio huo huo unaomsumbua mama. Alicheka, kwa mara ya kwanza wiki ile. "Kumbe Yakobo ni mwenzangu wa kliniki!"

Tukamkumbuka na Martin Luther. Mwaka 1537, akiwa katika mji wa Schmalkalden, mawe yalimziba mkojo kwa siku kadhaa, akawa anajiandaa kufa. Walimpakia garini, na mitikisiko ya barabara mbovu ikasaidia njia kufunguka. Sisi tunaoogopa kila shimo la barabara tulistaajabu. Lakini Luther alipona kifo, hakupona ugonjwa. Mawe yaliendelea kumtesa, naye akaendelea kuhubiri na kufundisha hadi alipofariki mwaka 1546. Hatujasikia Mlutheri akisema imani yake ilikuwa haba.

Jumapili ya shukrani tulikwenda mbele na watoto. Mama alisema maneno machache: "Kabla ya kupasuliwa sikuweza kutembea hadi kisimani. Sasa natembea hadi hapa. Bado naumwa, na usiku nameza dawa. Namshukuru Mungu kwa hatua nilizopewa, na naomba msiache kuniombea." Hakukuwa na vigelegele. Kwaya ilichelewa kidogo kuanza kuimba.

Baada ya ibada bibi mmoja alibaki uani hadi watu walipopungua. Alisema magoti yake yamemuuma miaka mingi, na amekuwa akijibu "sijambo, Bwana asifiwe" kwa sababu hakutaka aulizwe habari za dhambi zake. Wiki iliyofuata wakaja wengine wawili. Ndipo tulipotambua kwamba usharika wetu ulikuwa umejaa watu wanaochechemea kwa siri.

Wazee wameweka viti vitano vyenye egemeo, na tumekubaliana kwamba anayeumwa anaweza kukaa wakati wengine wamesimama, bila kuulizwa. Jumuiya ya jirani inaleta maji Jumatano. Ni mambo madogo, lakini yamepunguza usiku mwingi kuliko mashauri tuliyopewa.

Ndugu msomaji, kama kwenu yupo aliyepona nusu, usimharakishe. Usimnyang'anye dawa, wala usimpime imani kwa mguu wake. Mwulize ameamkaje, kisha ungoje jibu la kweli. Sisi bado tunaamka saa nane usiku mara kwa mara. Mmoja hukanda mguu, mwingine hupumua taratibu, na tunasali kwa kifupi, tukiomba maumivu yaondoke, na tukiomba nguvu za kesho kama hayataondoka. Maombi yote mawili tunayapeleka kwa Baba yule yule.