Mbuni wa Mbozi

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, nilidhani kazi ya programu huria huisha siku ya kuzinduliwa. Mjukuu wangu amenifundisha vingine. Hapa nyumbani Mbeya ametunga programu ya kuhesabu mizani, akaiacha huria: yeyote aitumie, aisome ndani, aripoti hitilafu. (Waingereza husema mdudu, mimi nashikilia hitilafu.) Kufikia Pasaka, ripoti 112 zilisubiri jibu.

“Babu, nizifunge zote za mwaka jana,” aliniambia. “Miradi mikubwa hufanya hivyo, ripoti ikinyamaza miezi kadhaa, hufungwa.”

Nikaikumbuka Iringa. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu juzi tu, insha zikanielemea, na jioni moja nikatia “Vyema” katika daftari arobaini bila kusoma. Kijana mmoja hakurejea muhula uliofuata. Daftari lake lilibaki kwangu; nilipolifungua, nilikuta ameandika kwamba baba yake amefariki, na kwamba hajui nani atamlipia ada. Chini yake, kalamu yangu nyekundu: Vyema.

Tukaketi, tukazisoma. Ripoti 31 zilieleza hitilafu moja kwa maneno mbalimbali. Tukaziunganisha na ile yenye mfano ulio wazi. Waliosema tu “haifanyi kazi” tukawauliza: ubeti upi, simu ipi? Zilizokuwa maombi tukazitenga.

Kisha tukafikia ripoti kongwe ya mshairi wa Mbozi: programu inalihesabu neno mbuni kuwa mizani mbili. Mjukuu alikwisha kulijaribu, akapata mbili, akaona ni sawa, kwani kichwani mwake alikuwa na ndege. Mwenzetu alikuwa na mti wa kahawa. Ndege ni mbu-ni. Mti ni m-bu-ni, mizani tatu. Maandishi ni yale yale, na mashine haina sikio. Vivyo hivyo mbaya: mtu m-ba-ya, nyumba mba-ya. Bila kuzijua ngeli, programu itaendelea kupunja mishororo ya watu, na hilo si la kurekebishwa kwa usiku mmoja.

Zimebaki 58. Hiyo ya mbuni tumeiacha wazi, tukamwomba radhi mwenyewe kwa ukimya wetu, na tukamwomba beti zaidi za kujaribia. Jana ameleta nne, zote za kahawa.