Umekuja kwa Maji au kwa Bata?

Nalima vitunguu na nyanya Ruaha Mbuyuni, mkoani Iringa. Kwa miaka kumi na mmoja nilisuuzia bomba la kupulizia kwenye mfereji uleule unaopeleka maji kwa jirani zangu. Nikimaliza kazi nilichuchumaa ukingoni, nikamwaga masalia, nikatikisa, nikamwaga tena. Maji yaligeuka meupe kama ya kuoshea mchele, halafu yakaenda zake. Yakishapita kona, hayakunihusu.

Sumu ile tuliiita dawa. Hata maji ya kunywa shambani nilibeba kwa dumu lake tupu, nikijiambia nimelisuuza kwa sabuni.

Chini ya shamba langu anaishi bibi mmoja mjane. Alikuwa na bata. Mwaka 2019 bata wake sita walikufa siku moja. Mimi nilikuwa nimepulizia jana yake, nikasuuza bomba palepale. Nilijua, nikanyamaza. Bibi hakuja kuuliza, nami nikaufurahia ukimya wake.

Miaka miwili baadaye mtu alifungua shamba juu ya langu. Asubuhi moja nikaona maji meupe yanakuja kwangu. Nilikimbia nyumbani nikipiga kelele watoto wasinywe, na kama yapo ndani yachemshwe. Mke wangu alinitazama tu. "Baba watoto," akasema, "maji ya kunywa ya nyumba hii hayatoki mferejini. Tangu bata walipokufa tunachota kwa bibi."

Nilikaa chini. Miaka miwili nilikuwa nakunywa maji ya mtu niliyemuulia bata.

Jioni nilikwenda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Umekuja kwa maji au kwa bata?"

Nikasema kwa vyote viwili. Nilikiri kila kitu pale mlangoni. Alinisikiliza, akanipa kigoda, akaniletea kikombe cha maji. Bata hakuwataja tena.

Kisha akanionyesha pipa lake la kuchujia maji kwa mkaa. Mjukuu wake, aliyesoma Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro, ndiye aliyemfundisha. Kuchemsha, alisema bibi, kunaua vijidudu. Sumu haiko hai hata ife. Maji yanapungua kwa mvuke, na sumu nyingi inabaki sufuriani. Mbegu za mlonge nazo kazi yake hasa ni kutuliza tope.

Yeye hutumia takataka zetu: magunzi ya mahindi na pumba za mpunga tunazozitupa mashineni. Huzichoma kwenye pipa jingine lenye matundu, moto ukiwashwa juu na kushuka chini, hewa kidogo, joto kali mpaka moshi ukatike. Mkaa wa namna hiyo umejaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Gramu moja, ukizitandaza kuta zake za ndani, hufika mamia ya mita za mraba, na sumu hunasa humo. Lakini maji hupita kwanza kwenye mchanga, maana tope na uozo wa majani huwahi kuviziba vile vitundu. Mkaa ukichoka hubadilishwa na kufukiwa mbali na chanzo cha maji. Haupikiwi, hauwekwi bustanini.

Bibi hakunidanganya kwamba pipa linamaliza kila kitu. Klopirifosi ya kuulia wadudu hushika vizuri kwenye mkaa. Glifoseti ya kuulia magugu hupenda maji kuliko mkaa, hivyo nyingi hupita. Neno hilo ndilo lililonirudisha kwenye bomba langu. Siku hizi nalisuuza mara tatu palepale shambani, na maji ya kusuuzia nayapulizia kwenye mimea ileile. Madumu natoboa. Yule wa juu nilimfuata pia. Sikuwa na sauti ya kumgombeza; nilimsimulia habari za bata. Bado anasahau siku nyingine, kama nilivyosahau mimi miaka yote ile, tofauti ikiwa mimi sikuwa nasahau.

Bata sita nililipa. Alipokea wanne, wawili akawarudisha kwa watoto wangu wafuge.

Kila Jumamosi nakwenda kumpondea mkaa. Nikimaliza hunichotea maji ya pipa, na kila mara, kabla hajanikabidhi kikombe, huniuliza kama nimenawa mikono.