Picha Kubwa za Kilwa

Nilikuwa sijawahi kuvuka Rufiji. Basi la kusini liliondoka Mbagala alfajiri, likapita Mkuranga, Kibiti na Ikwiriri, mpaka Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003. Mama aliyekaa karibu yangu alikumbuka enzi za kivuko, mvua zilipokolea na abiria wakalala njiani. Nangurukuru tuliiacha barabara ya Lindi, tukakata kushoto kwenda Kilwa Masoko.

Nilikuwa nimeitiwa tovuti ya nyumba ya wageni. Mwenyewe ni mzee aliyeongoza wageni Kilwa Kisiwani miaka mingi huku akipiga picha magofu, na picha zote zimo ndani ya hifadhidata, kila moja na maelezo yake. Wapo mafundi wa tovuti wanaoubeza mtindo huo. Kwa mtu kama Mzee mimi naukubali: nakala moja ya akiba inabeba kila kitu, na tovuti ikihamia seva nyingine picha haipotezani na maelezo yake.

Asubuhi tulichukua kibali, tukavuka kwa mashua. Nilitaka kuifungua tovuti pale pale mgeni anapoihitaji, kwa simu na bando la kawaida. Tukakaa kivulini kwenye Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake kongwe ni ya karne ya 11. Picha ya kuba ikaanza kushuka mstari kwa mstari: anga, ukingo wa kuba, kisha ikakwama. Ilikuwa na upana wa pikseli 4000. Kioo cha simu yangu kina 720.

"Hapo ndipo wageni wanapokata tamaa, mwanangu," Mzee akasema.

Dawa yake ni seva kuipunguza picha wakati inapoombwa: simu inataja upana inaoutaka, programu inaichota picha kwenye hifadhidata, inaifungua, inaipunguza na kuituma. Ugumu umo kwenye huko kuifungua. Faili la JPEG limebanwa. Likifunguliwa, picha ya pikseli 4000 kwa 3000 ni pikseli milioni 12, na kwa baiti nne kila pikseli inataka megabaiti 48 za kumbukumbu. Zikiombwa kumi kwa pamoja ni megabaiti 480, na seva ya Mzee ina 512 kwa kazi zake zote. Ndiyo maana siamini kabisa mpango wa kupunguza upya kila anapokuja mgeni. Ipunguzwe mara moja, ile ndogo ihifadhiwe kwenye diski, na anayefuata apewe iliyo tayari.

Tulitembea mpaka Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14, lenye bwawa la pembe nane linalotazama bahari. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na ukisimama pale unaelewa kwa nini aliusifu mji huu. Mzee alinionyesha jinsi mwanga wa saa nne unavyotokeza nakshi kwenye mawe ya matumbawe. Picha zake nyingi ni za saa hiyo.

Usiku, Masoko, nikaandika msimbo. Niliruhusu upana wa aina tatu tu: 320, 640 na 1200. Ukiacha wazi, mtu mwenye nia mbaya ataomba 401, kisha 402, kisha 403, mpaka diski ijae. Orodha ya picha nayo ilikuwa ikivuta safu zote za jedwali, picha zikiwemo, hata palipohitajika majina peke yake; hilo lilirekebishwa kwa mstari mmoja. Picha ya mlango wa Gereza, ngome ya Kisiwani, ilitokea imelala ubavu. Kamera huandika ndani ya faili jinsi ilivyoshikwa, na maelezo hayo hupotea picha inapoandikwa upya, kwa hiyo inabidi kuyasoma na kuigeuza kwanza.

Nilipendekeza tuzipunguze na zile za asili, diski ipumue. Mzee alikataa.

"Ukuta wa upande wa baharini unaliwa na mawimbi," alisema. "Mtafiti akija kuulizia jiwe fulani, nitamwonyesha nini?"

Alikuwa na haki. Programu inayopunguza picha nikaipa ruhusa ya kusoma tu kwenye jedwali la asili. Kupakia picha mpya kuna akaunti yake, na nywila anayo Mzee.