Nilimwita Dada wa Watu Muongo kwa Sababu ya Kwale

Wadau wangu, leo ubuyu unanihusu mimi mwenyewe. Mnaikumbuka ile posti ya mwezi uliopita, ya msanii mmoja wa filamu, jina kapuni, aliyeweka klipu ya ndege anatembea kwenye majani makavu akaandika "kwale wa Udzungwa, hatimaye"? Mimi ndiye niliyesema anatafuta kiki. Nikasema ndege yule ni wa Rubeho, Udzungwa dada hajakanyaga, klipu kaiokota mahali. Komenti zikamiminika. Matusi mengine nilikuwa nayasoma huku nacheka.

Nilikosea.

Nieleze kidogo, maana wengi mlidhani ni hawa kware wa mayai. Hapana. Hawa ni kwale wa msituni, na dunia nzima wapo Tanzania tu. Yule wa Udzungwa wanasayansi walimjua 1991, tena kupitia jikoni! Watafiti kutoka Denmark walikuwa kambini, wakaona kwenye sufuria miguu ya ndege wasiyoielewa. Yaani kitoweo cha watu ndiyo ikawa habari ya dunia. 1994 akapewa jina la kitaalamu, na ndugu zake wa karibu wakaonekana wako Asia, sio hawa kwale wetu wa mashambani. Halafu 2003 wakatangazwa wengine, wa msitu wa Mafwemiro kule milima ya Rubeho. Mwanzo ilisemwa ni ndege yuleyule, tofauti ndogondogo tu. 2005 waliopima vinasaba wakasema hapana, hawa ni wawili. Mpaka leo wapo wataalamu wanaowahesabu mmoja.

Sasa mimi nilikuwa nimesoma kwamba wa Rubeho ni mdogo kidogo, na jina lake la Kilatini lina maana ya kutiwa giza. Nikaangalia klipu, naona ndege mweusimweusi, kadogo. Basi, nikajiona bingwa. Biolojia yenyewe niliishia kidato cha nne na matokeo sitaki kuwaambia.

Siku ya tatu nikatumiwa meseji na kaka mmoja, ndiye aliyempandisha yule dada mlimani. Hakunitukana. Aliniuliza swali moja tu: "Dada, huo udogo umeupimia nini?" Nikarudia klipu. Kweli, hakuna mtu, hakuna kiatu, ni majani tu, na majani ya msituni mengine makubwa kuliko mkono wangu. Na giza? Kule chini ya miti mikubwa mwanga haufiki vizuri, ukijumlisha na kamera ya simu, hata mimi ningetoka mweusi.

Akaniambia yeye hahangaiki na rangi. Wote wawili wana mdomo mwekundu, miguu ya njano, michirizi mwilini, na dume na jike wanafanana. Anachouliza ni umemwonea mlima gani. Kati ya Udzungwa na Rubeho kuna bonde la Ruaha Mkuu, kule chini joto, na ndege huyu ni wa msitu wa baridi juu, anazunguka chini kwa miguu akifukua majani atafute wadudu na mbegu. Hawezi kushuka avuke bonde aende kutembea kwa jirani. Ukijua msitu, umemjua ndege.

Akanitumia klipu nzima. Wameanzia Udekwa, wanapanda kwenda Ndundulu, dada anahema, anacheka, matope mpaka magotini. Halafu ndio wale ndege wanapita. Mimi nilichoona kwenye posti yake ni kipande cha mwisho tu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba wageni wawili waliokuwa wameshapanga kwenda naye waliahirisha baada ya kusoma komenti zenu na zangu. Walidhani anapiga watu. Wabeba mizigo nao wakakosa hiyo siku. Yeye hata jina sikumtaja, lakini mlimjua, nyie mnajua kuchimba.

Kwa hiyo namwomba radhi yule kaka, na yule dada pia. Ile posti sijaifuta, nimeandika juu yake kwamba nilikosea na kwa nini. Dada kanibloku, haki yake. Kaka ananijibu, ila kwa neno mojamoja. Jana nilimuuliza kama wageni wamerudi. Akaandika: "Mmoja."