Mnalala Wapi?

Kwa miaka yote ninayoikumbuka, kila mwezi wa kumi na moja baba alimpigia babu simu kumwambia kwamba Krismasi tunakuja. Babu hakuuliza tunafika lini wala tutakuwa wangapi. Aliuliza, "Mnalala wapi?" Baba akajibu, "Tukuyu mjini, baba. Gesti ileile." Babu alinyamaza kidogo, akasema, "Haya," kisha wakahamia kwenye habari za ng'ombe na bei ya ndizi.

Nililichukulia kuwa swali la adabu tu, kama vile mtu anavyokuuliza umeshakula huku anaona unafuta midomo.

Mwaka 2023 baba alitaka likizo, siyo safari ya kusalimia. Safari ya kusalimia tuliijua: siku tatu, sukari, vitenge vya shangazi, ibada ya Krismasi kwa Wamoraviani, kisha tunarudi Dar es Salaam na mkungu wa ndizi kwenye buti. Likizo ni kitu kingine. Tangu filamu ya Royal Tour ilipotoka mwaka 2022, ofisini kwao kila mtu alikuwa na maoni kuhusu utalii wa ndani, na mwenzake mmoja, mtu wa Bukoba, alimwonyesha picha alizopiga juu ya Ziwa Ngosi. Baba amezaliwa Rungwe na hakuwahi kufika Ngosi. Ilimuuma. Akarudi nyumbani akatangaza kwamba tutakaa siku nane, na kwamba mimi nitatafuta pa kulala. "Wewe si ndiye msomi?" alisema.

Wakati huo nilikuwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili ya sosholojia, na kama wanafunzi wengi wa uzamili nilikuwa tayari kufanya kazi yoyote ambayo haikuwa tasnifu yangu. Nikachora jedwali kwenye kompyuta. Safu za juu: bei, umbali, maji ya moto, intaneti, chai ya asubuhi. Safu za chini: mahali penyewe.

Mdogo wangu wa mwisho, mwenye miaka kumi na moja, alipinga safari nzima. Kwake likizo ni mabomba ya kuteleza ya Wet 'n' Wild pale Kunduchi, na Kunduchi unakwenda kwa daladala. Nikamwambia Rungwe nako kuna maji. Mto Kiwira unapita chini ya daraja la mwamba ambalo halikujengwa na mtu, lava ndiyo iliyolifanya, na watu wanaliita Daraja la Mungu. Huohuo mto unafika Kijungu, unajisokomeza kwenye shimo la mwamba kama mtu anayemimina uji kwenye chungu, unatokea upande wa pili. Akauliza kama mtu anaweza kuteleza humo. Nikasema ndiyo, mara moja tu.

Basi nikapanga. Chaguo la kwanza lilikuwa hoteli ya Mbeya mjini, yenye bwawa la kuogelea kwa ajili ya wadogo zangu. Tatizo ni umbali: Tukuyu iko kilomita sabini hivi kutoka Mbeya, na barabara hiyo, inayoteremka hadi mpaka wa Malawi, imejaa malori. Ungekuwa likizoni ndani ya gari. La pili lilikuwa Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Mchanga mzuri, milima ya Livingstone nyuma yako, samaki wa kuchoma. Lakini Matema iko Kyela, chini kabisa kwenye joto, na kupanda kila siku kwenda Ngosi kungekuwa adhabu. La tatu lilikuwa gesti ileile ya Tukuyu: vyumba vitatu, elfu thelathini na tano kila kimoja, maji ya moto yanayotegemea umeme, umeme unaotegemea mvua. Na Tukuyu mvua haikosi, hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Wajerumani waliuita mji huo Neu Langenburg, na ngome yao bado iko pale. Nadhani hata wao walianika nguo siku tatu.

Hesabu ilisema Tukuyu. Nikaionyesha familia mezani, nikajiona kama mhadhiri.

Mdogo wangu aliangalia jedwali muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Akauliza, "Mbona kwa babu hapamo?"

Mama aliinuka kwenda kuangalia wali ambao ulikuwa umeshaiva.

Mama ni mtu wa Tanga. Usiku huo, tukiosha vyombo, alinieleza jambo ambalo nililijua vipandevipande. Alipoolewa, mwaka 1997, mawifi zake walimweka chini wakamfundisha: kwa Wanyakyusa mkwe hakutani na baba mkwe. Hamtazami usoni, halitaji jina lake, wala hali naye sahani moja. Ukimsikia anakuja njiani, unapisha, hata kama ni kwenye matope. Walimwambia pia kwamba siku hizi watu wameacha, wengine wokovu umewaachisha, lakini mzee wao ni mtu wa zamani. Mama alikuwa na miaka ishirini na mitatu. "Nilichoelewa mimi," aliniambia, "ni kwamba sitakiwi kwenye nyumba ile." Kwa miaka ishirini na sita alikwenda mchana, akasaidia jikoni upande wa shangazi, na jua likielekea kuzama akarudi gesti.

Mimi nilikuwa nimeyasoma hayo, na hilo ndilo lililonitia aibu. Monica Wilson na mumewe Godfrey walifanya utafiti Unyakyusa katika miaka ya 1930, na kitabu chake, Good Company, kilichotoka mwaka 1951, kilikuwa kwenye orodha ya kozi yangu. Anaeleza jinsi wavulana wa Kinyakyusa, wakifika miaka kumi au kumi na moja, walivyotoka nyumbani kwa baba zao wakajenga vibanda vyao pamoja na wenzao wa rika, hadi kikawa kijiji kamili. Walirudi kula kwa mama zao, lakini kulala walilala na wenzao. Wakioa, wake zao waliishi huko, mbali na macho ya baba mkwe. Kulikuwa na neno la raha ya kukaa na wenzako, ukwangala, na kulikuwa na woga wa kuchanganya vitanda vya vizazi viwili. Niliandikia insha nikapata alama nzuri. Niliandika kuhusu "jamii husika". Sikuandika kwamba jamii husika ilikuwa inalipa elfu thelathini na tano kwa chumba kila Krismasi.

Tuliondoka Dar es Salaam alfajiri. Mikumi, Kitonga, tukalala Iringa. Kesho yake, Uyole, tukaiacha barabara ya Mbeya mjini tukakunja kushoto, tukapanda kwenye baridi na ukungu wa Isongole, mashamba ya viazi pande zote, kisha tukaanza kuteremka kuelekea migomba na chai. Baba alifungua dirisha ingawa mvua ilikuwa inanyesha. Siku mbili za kwanza tulikuwa watalii wa kweli. Tulisimama juu ya Daraja la Mungu. Tulipanda Ngosi kwa saa nzima na zaidi, tukiteleza kwenye mizizi, mpaka msitu ukakatika ghafla na ziwa likawa chini yetu ndani ya kasoko, kijani, limetulia. Baba hakupiga picha. Alikaa kwenye gogo, akasema tulipokuwa wadogo tuliambiwa huku hakuji mtu. Jioni tulirudi gesti, umeme ukakatika, tukala chipsi mayai kwa mwanga wa simu.

Siku ya tatu ndipo tulipokwenda kwa babu, kijijini, kwenye njia ya kuelekea Masoko. Gari tuliliacha barabarani kwa sababu ya utelezi. Shangazi alitupokea kwa kelele, akatupa mbalaga yenye maziwa. Babu alikuwa amekaa barazani na blanketi mabegani. Alikuwa amepungua mno tangu mwaka uliotangulia, mikono yake imekuwa kama ya mtoto. Mama, kama kawaida, alizunguka kwa nyuma.

Nilimfuata kumsaidia kubeba sukari. Nyuma ya nyumba kubwa kuna vyumba viwili vya tofali za kuchoma vilivyoungana na ukuta wa nyumba, mlango wake ukitazama migombani, upande wa pili kabisa na baraza la babu. Tangu utotoni nilivijua kama stoo ya viazi na maharage. Siku hiyo mlango ulikuwa wazi. Ndani hamkuwa na gunia hata moja. Kulikuwa na vitanda viwili, vimetandikwa, na ndoo mpya yenye kopo.

"Hapa analala nani?" niliuliza.

Shangazi alinitazama kana kwamba nimeuliza mvua ni ya nani. "Kwa mama yako," alisema. "Mzee alipajenga mwaka uliozaliwa wewe. Alisema mkwe hawezi kulala ndani kwake, basi atakuwa na mlango wake."

Nikamuuliza kuhusu viazi. Akasema viazi huwekwa kwa sababu nyumba isiyokaliwa huoza. Lakini kila mwezi wa kumi na moja mzee humwambia atoe magunia, afagie, atandike. Kisha baba anapiga simu, mzee anauliza, na baada ya simu humwambia ayarudishe. Mwaka huu alimwambia asiyarudishe.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na pakiti mbili za sukari mikononi.

Ugomvi wa wazazi wangu ulifanyika kwenye gari, na madirisha yalijaa mvuke, kwa hiyo nadhani walifikiri hatuwasikii. Baba alikuwa anajua. Alijua tangu mwaka 1998. Alisema aliona choo kiko nje, njia ina matope, yeye ni mtu wa Tanga aliyezoea mji, aliona atateseka. Alisema pia, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba baba yake aliuza ng'ombe wawili kujenga vyumba vile, wakati yeye alikuwa ameshaamua kwamba harudi kulima, na hakujua angelalaje ndani ya deni. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema neno moja: "Hukuniuliza." Baadaye akasema mengine mengi, lakini yote yalikuwa hayohayo.

Ningependa kusema walipatana palepale. Hawakupatana. Mama alishuka, akafungua buti, akatoa begi lake na la mdogo wangu, akaanza kuteremka kwenye utelezi peke yake. Baba alikaa na mikono kwenye usukani. Halafu naye akashuka. Mimi nilirudi Tukuyu na mdogo wangu mwingine kufunga hesabu ya gesti. Mhudumu alinirudishia pesa ya usiku mmoja tu kati ya ile tuliyolipia, na sikubishana.

Usiku kulikuwa na baridi ambayo jedwali langu halikuwa na safu yake. Intaneti ilipatikana ukisimama chini ya mparachichi mmoja tu. Maji ya moto yalikuja kwenye ndoo, saa kumi na mbili asubuhi, na shangazi aliyaacha mlangoni bila kubisha. Nilikuwa nimelala na mama kitanda kimoja. Alikuwa macho.

Wanyakyusa wakisalimiana asubuhi husema "Ugonile," umelala? Kwa heshima, au kwa watu wengi, "Mugonile." Nimelisema neno hilo maisha yangu yote, kwenye simu, sokoni, hata saa tisa mchana. Sikuwahi kufikiri kwamba ni swali, na kwamba ukiwa umelala gesti hakuna wa kukuuliza.

Tulisikia fimbo kwanza, ikigonga mawe kando ya ukuta. Kisha kikohozi, kirefu kuliko kikohozi cha ugonjwa, cha mtu anayejulisha kwamba anapita. Mama alivuta shuka mpaka kidevuni ingawa mlango ulikuwa umefungwa. Fimbo ikasimama.

"Mugonile," babu aliuambia ukuta.

Mama aliniangalia. Ninalijua jibu, yeye pia analijua, amelisikia miaka ishirini na sita. Akameza mate.

"Ndaga," alisema.

Fimbo ikaendelea na safari yake kuelekea zizini.

Tulikaa siku tano zilizobaki. Kaporogwe tulikwenda, tukaingia kwenye pango nyuma ya maporomoko, na mdogo wangu akakiri kwamba Kunduchi hakuna kitu kama kile. Mama na babu hawakuonana uso kwa uso hata mara moja, na sikusikia yeyote kati yao akilalamika.

Novemba iliyofuata babu hakusubiri kupigiwa. Alimwazima shangazi simu, akapiga mwenyewe. Aliuliza tunafika lini.