Jiko la Bibi

Muhula uliopita mwenzetu mmoja alikuja klabuni na CD ya mama yake. Juu yake pameandikwa kwa mkono: "Jiko la Bibi, 1999". Mwaka huo mama alikuwa mwanafunzi hapa Uingereza, na kazi yake ya darasa ilikuwa kutengeneza somo dogo la Kiswahili la kufunguliwa kwenye kivinjari. Unabofya picha ya chombo, unamsikia Bibi wa Tanga akikieleza.

Tulibofya. Hakikutokea kitu.

Kwa waliozaliwa juzi kama sisi: kurasa za kwanza za intaneti zilikuwa maandishi na picha zilizotulia tu. Ukitaka picha itembee na sauti itoke, ulitumia programu kama Flash ya Macromedia, na msomaji naye aliweka programu ya nyongeza kwenye kivinjari chake. Kampuni ya Adobe, iliyoinunua Macromedia mwaka 2005, iliacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020. Kazi za wengi zikabaki kama nyumba iliyopotelewa na ufunguo.

Tukajaribu Ruffle, programu ya bure inayoiga Flash. Jiko likatokea: chungu, kinu, mbuzi, kifumbu. Tulicheka, maana nusu yetu tulimjua mbuzi wa miguu minne tu. Tukabofya. "Hii ni mbuzi. Kaa vizuri, kuna nazi polepole, usifike..." Sauti ikakatika.

Mwenzetu hakucheka tena. Bibi yake alifariki yeye akiwa na miaka mitatu.

Vitufe vyote vilikuwa hivyo: sekunde tatu au nne, kisha kimya. Tukadhani Ruffle imeshindwa. Tukampigia mama simu, tukamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema: "Haijaharibika, wanangu. Nimeikata mimi."

Modemu ya kilobiti 28.8 kwa sekunde ilihitaji karibu dakika tano kuleta megabaiti moja, na somo lilitakiwa lifunguke upesi. Michoro haikuwa na uzito, kwa sababu Flash huihifadhi kama hesabu za mistari, si nukta moja moja. Mzigo ulikuwa sauti. Basi kaseti nzima ya Bibi, iliyoletwa kutoka Tanga, ikapunguzwa hadi maneno machache. Kaseti yenyewe baadaye ilirekodiwa taarabu ya harusi juu yake.

"Ningejua," mama alisema, "ningekata picha."

Tumelijenga upya jiko hilo kwa HTML na JavaScript, ambazo vivinjari vya leo huzielewa bila nyongeza yoyote. Sauti ya Bibi tumeiacha ilivyo. Pembeni ya kila kitufe tumeweka cha pili, na hapo mama anamalizia sentensi kama anavyoikumbuka. Kwenye mbuzi anasema: "...usifike kwenye kifuu, utachafua tui." Ya kifumbu haikumbuki, kwa hiyo kitufe chake cha pili hakina kitu.

Leo nafasi ya kuhifadhi sauti ni tele. Tunamwomba kila mwanachama atuletee rekodi ya mzee mmoja akieleza chombo kimoja cha nyumbani. Msimkatishe. Hata akiacha habari za kinu akaanza za jirani, mwacheni aendelee.